Kijani cha jeshi: turubai, mkanda na uzi vilikuwa rangi moja, jua la Tanga limevitenganisha. Kisa nini?

#1 FundiTurubai_TGA

Wakuu, habari. Swali kwa wanaojua rangi.

Kazi ni kifuniko cha tela pamoja na mabegi ya vifaa vya kambi. Malighafi tatu: turubai la pamba aunsi 14, mkanda wa nailoni wa milimita 50, uzi wa polyesta. Vyote vililinganishwa dukani kabla ya kununuliwa, vyote ni kile kijani kilichofifia cha jeshi. Mzigo umekaa Sahare, jua na upepo wa bahari, kaskazi nzima. Sasa turubai limekuwa kahawia ya mchanga, mkanda umeingia uzambarau, uzi uko vilevile kijani. Kila mshono unaonekana toka mbali.

Mmoja ananiambia jua, mwingine chumvi, mwingine sabuni. Majeshi wanafanyaje vitu vyao vizeeke pamoja? Na hii rangi ina fomula au kila kiwanda kinajipikia?

#2 Mwana_wa_Makorora

Uzi bila picha? Halafu fafanua, kijani cha jeshi au cha chama? Tusije tukadhani tunachangia kampeni.

#3 FundiTurubai_TGA

Cha chama hakimfichi mtu porini 😄 Picha nikipata bando.

#4 Mama_Batiki_Ngamiani

Dukani ulilinganisha chini ya taa gani? Taa ya tyubu hudanganya. Rangi mbili zilizopikwa kwa viungo tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja, ukitoka nje zinaachana. Zitoe barazani saa nne asubuhi, kivulini, zilaze bega kwa bega, halafu zitazame tena jioni. Zikifanana mara zote mbili ndipo ununue.

Kuhusu kuachana baada ya jua: una nyuzi tatu na familia tatu za rangi. Pamba hutiwa rangi za vati, za salfa au za riaktivu. Nailoni hunywa rangi za asidi. Polyesta haitaki hata moja kati ya hizo, ina rangi zake zinazoingizwa kwa joto la nyuzi 130 hivi ndani ya mtungi wa presha. Kwa hiyo "kijani" chako kimepikwa mara tatu, jikoni tatu.

Na kijani hiki si rangi moja. Ni manjano na buluu, pamoja na wekundu au kahawia kidogo wa kuua ukali wake. Jua haliwali wote kwa kasi moja. Kwenye mkanda wako manjano imetangulia, imebaki buluu na nyekundu, na hizo mbili zikikutana ni zambarau. Kwenye turubai buluu ndiyo imetangulia, ikabaki manjano na kahawia.

#5 Bandarini_Boy

Mama Batiki kaeleza vizuri ila mmesahau chumvi. Huku pwani chumvi inakula chuma, itashindwa rangi? Suuzeni vitu kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kila wiki mtaona tofauti.

#6 Kemia_ya_Mtaani

> Bandarini_Boy: chumvi inakula chuma, itashindwa rangi?

Si hivyo mkuu. Chumvi ya bahari peke yake haichujishi rangi ya kitambaa. Inachofanya ni kuvuta unyevu, kitambaa hakikauki sawasawa hata mchana. Pamba yenye unyevu ikipigwa na jua hupauka haraka kuliko pamba kavu. Kwa hiyo kuosha kwa maji baridi kunasaidia, lakini mhalifu mkuu bado ni jua.

Jaribio la bure: kata vipande vinne vya turubai jipya. Cha kwanza juani kikavu. Cha pili juani, kikilowekwa maji ya bahari kila asubuhi. Cha tatu maji ya bahari hayohayo lakini kivulini. Cha nne kabatini. Kila kipande funika nusu kwa karatasi ya foili. Utasoma jibu bila kubishana na mtu.

#7 Mzee_wa_Mkonge

Wote mnazungumza kama turubai limetiwa rangi. Nani kawaambia?

Maturubai mengi ya zamani ya pamba, ya jeshi na ya reli, ukijani wake ni SHABA. Dawa ya kuzuia kuoza. Uingereza walikuwa na turubai la Willesden, pamba iliyopitishwa kwenye maji ya shaba na amonia, linatoka kijani bila rangi yoyote kuongezwa. Baadaye ikaja shaba nafthenati inayoyeyushwa kwenye mafuta mepesi, ndiyo ile yenye harufu ya mafuta turubai likiwa jipya. Nayo ni kijani, na ikikaa juani inageuka kahawia. Kahawia ya mchanga, kama unavyosema.

Pima hivi: chukua kitambaa cheupe, kiloweshe amonia ya kusafishia vioo, sugua turubai mahali palipofichika. Kikitoka buluu, hiyo ni shaba. Njia nyingine, nyofoa nyuzi mbili uziweke kwenye moto wa gesi, mwali ukiwa na ukijani ni dalili hiyohiyo. Amonia ni ya uhakika zaidi.

#8 Stoo_Namba_Tatu

Naongezea upande wa majeshi, maana FundiTurubai kauliza wanafanyaje vitu vizeeke pamoja. Hawawezi. Wanachofanya ni kuandika masharti na kukataa mzigo ukizidi tofauti inayoruhusiwa.

Marekani, vita kuu ya pili, walianza na kivuli walichokiita OD (olive drab, zeituni iliyofifia) namba 3, hicho kwa macho yetu ni kaki yenye ukijani kidogo. Kuanzia 1943 wakahamia OD namba 7, kijani kilichoiva zaidi. Mabadiliko hayakusubiri stoo ziishe. Mkanda mmoja wa risasi unaweza kuwa na mwili wa namba 3 na pindo za namba 7, umetoka kiwandani hivyohivyo. Wakusanyaji wa vitu vya kale wanavitafuta kwa udi na uvumba.

Sare ya kazi iliyofuata, OG-107 (OG ni olive green), ilianza 1952. Pamba ya sateni ya aunsi 8.5. Ikifuliwa inapauka kuelekea kijivu, kwa hiyo kombania moja ikipanga mstari unaona vijani vya kila namna, mkongwe anajulikana kwa rangi ya shati.

#9 Kipanga_Raskazone

Ina maana kijani kilikuja kwa sababu ya Vietnam, msitu mnene. Kabla ya hapo kila mtu alivaa kaki.

#10 Stoo_Namba_Tatu

Tarehe zinakukatalia shehe. 1943 na 1952 zote ni kabla ya Wamarekani kuingia Vietnam kwa majeshi makubwa. Hata Waingereza walikuwa wameshahamia kijani cha msituni Burma. Mwanzoni huko walichukua kaki za kawaida wakazitia rangi ya kijani, zikawa zinachuja. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana bonde la Kabaw 1944 ilikuwa na vijana wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza) toka huku kwetu.

#11 Mwana_wa_Makorora

Kwa hiyo hata jeshini rangi ilichuja. FundiTurubai pumzika, huna kesi.

#12 Gereji_Chumbageni

Turubai waachieni wenyewe, mimi naleta upande wa bati. Kijani cha jeshi cha gari kwa asili yake hakina rangi ya kijani ndani. Manjano ya udongo ile ya oksaidi ya chuma ukiitia nyeusi inageuka zeituni yenyewe. Ni poda mbili za bei rahisi kuliko zote, hazipauki juani, zinapatikana dunia nzima. Wakati wa vita unapaka maelfu ya magari, utatafuta kijani ghali cha nini? Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya rangi yote hii. Kujificha kulikuja kama faida.

Namna ya kuchanganya kwa rangi za kopo:

Anza sehemu 8 za manjano ya oksaidi, sehemu 1 ya nyeusi. Koroga mpaka chini. Ongeza nyeusi kijiko kwa kijiko, mara nyingi unatua kati ya 5 kwa 1 na 4 kwa 1. Ukitaka iliyopauka weka nyeupe kidogo sana mwishoni, ikizidi inakuwa rangi ya maziwa yaliyoharibika. Usitumie manjano kali ya limau: hiyo ukiitia nyeusi inatoa kijani kikali cha chura.

Mwiko: usihukumu rangi ikiwa mbichi. Isiyong'aa ikikauka hubadilika, hupanda weupe. Paka kwenye bati, acha mpaka kesho, itazame kivulini.

#13 Bandarini_Boy

Mkuu kwa nini ile ya mati (isiyong'aa) haidumu? Lori likipakwa, muda si mrefu ukipitisha kidole kinatoka na vumbi la kijani.

#14 Gereji_Chumbageni

Kwa sababu ili rangi isimulike lazima poda iwe nyingi na resini iwe kidogo, uso ubaki na vijitundu vya kutawanya mwanga. Resini ndiyo gundi. Jua likiila safu ya juu, poda inabaki haina wa kuishika, ndiyo hilo vumbi. Mafundi wanaongeza kosa juu ya kosa: wanatia talki na thina nyingi ili "iue mng'ao", safu inakuwa nyembamba na yenye vinyweleo, chumvi inapita mpaka kwenye chuma.

Ukiwa pwani fanya hivi. Kwanza osha chumvi kwa maji baridi KABLA ya msasa, la sivyo unaisaga chumvi ndani ya bati. Chuma: redi oksaidi (rangi nyekundu ya chini) mikono miwili. Alumini: etchi praima (rangi ya chini inayong'ata alumini) kwanza, redi oksaidi pekee itabanduka kama ngozi. Kisha mikono miwili ya rangi inayong'aa nusu, kisha mmoja tu wa mati. Na usiipige polishi wala nta ya gari: sehemu unayosugua itang'aa na hutairudisha.

#15 Landrova_109

Hapo kwenye alumini nakazia. Landrova za kale bodi ni alumini, kwa sababu baada ya vita Uingereza chuma kiligawiwa kwa mgao. Fremu ni chuma. Bolti ya chuma ikigusa alumini, hewa ya chumvi ikiingia katikati, alumini ndiyo inaliwa, unaona unga mweupe na rangi imevimba kama lengelenge. Weka washa ya plastiki au paka mastiki chini ya kila bolti.

Gereji, nadharia yako ya udongo na nyeusi sawa kwa Marekani. Ila Landrova kijani chake maarufu ni kingine, namba 224 kwenye BS 381C (orodha ya rangi ya Uingereza), kimekoza na kinang'aa. Jeshi la Uingereza lenyewe lilitumia hicho kinachong'aa miaka mingi, baadaye wakaja namba 285 ambacho ni cha NATO. Olivu ya kwenye orodha hiyo ni 298. Watu wanapaka 298 kwenye gari la 224 halafu wanasema wamerudisha asili.

#16 Stoo_Namba_Tatu

Nashukuru kwa namba. Hapo ndipo mtu asikosee: usiende kwenye duka lenye mashine ya kuchanganya ukasema "kijani cha jeshi", utapewa chochote. Taja namba. Wajerumani wa baada ya vita walipaka RAL 6014 (RAL ni orodha yao ya rangi). Ya mabaka matatu ya NATO ni 6031 ya kijani, 8027 ya kahawia, 9021 nyeusi. Marekani orodha yao ya 595 ya mwaka 1956 inajieleza: 34087, tatu ya mwanzo ni isiyong'aa, nne inayofuata ni kundi la kijani. 14087 ni ileile lakini inameremeta. Mtu anaagiza 14087 halafu analalamika gari linang'aa kama la harusi.

#17 Msomi_wa_Duga

Gereji na Mzee wa Mkonge wote wanasema kijani kilikuja kwa bahati, mmoja kwa udongo, mwingine kwa shaba. Tuseme ni kweli kwa 1943. Lakini kwa nini hakijabadilishwa mpaka leo? Jibu liko kwenye mwanga usioonekana.

Jani bichi linaakisi kidogo sana kwenye mwanga mwekundu, ukivuka nanomita 700 kuingia infraredi linaakisi ghafla kwa nguvu. Jicho halioni, lakini filamu ya infraredi na darubini za usiku zinaona. Vita kuu ya pili walitengeneza filamu ya rangi bandia: msitu hai unatoka mwekundu, wavu uliopakwa kijani cha kawaida unatoka buluu au zambarau. Umejificha mbele ya macho, kwenye picha uko uchi.

Mchanganyiko wa Gereji una nyeusi ya masizi. Masizi yanameza infraredi yote. Kwa hiyo lori lake porini usiku litaonekana doa jeusi katikati ya majani meupe. Ndiyo maana rangi za baadaye zilitumia oksaidi ya kromu, kijani kisichokolea ambacho kinaakisi kwa kuukaribia mwenendo wa jani. Na vitambaa vikahamia rangi za vati zilizochaguliwa kwa kipimo hicho.

#18 Gereji_Chumbageni

Wateja wangu wanabeba mkaa na mahindi, hawakimbii ndege za kivita. Masizi yanatosha.

#19 Msomi_wa_Duga

😂 Haya. Ila FundiTurubai zingatia sehemu ya sabuni: sabuni ya unga yenye king'arishi inaacha chembe zinazogeuza mwanga wa jua usioonekana kuwa ubuluu. Nguo nyeupe inapendeza, ya kijani cha zeituni inapata ukungu wa kibuluu na rangi inaonekana imepauka hata kama haijapauka. Kanji nayo jeshi la Marekani walikataza kwenye sare za mabaka, inaharibu mwakisi wa infraredi. Tumia sabuni ya kipande, na jiki isikaribie.

#20 Kipanga_Raskazone

Tunaongea Marekani na Ujerumani wakati vita vyenyewe vilipiganwa hapahapa. Waingereza walishukia Raskazone Novemba 1914 na wakafukuzwa kwa sababu askari wa Mjerumani walivaa kijani, hawakuonekana kwenye mashamba.

#21 Stoo_Namba_Tatu

Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, sawa. Kijani, hapana. Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Mjerumani, walivaa kaki, na waliotoka India walivaa kaki. Hakuna aliyekuwa na kijani Tanga siku hiyo isipokuwa minazi. Walichokosa Waingereza ni upelelezi.

#22 Mwana_wa_Makorora

Na nyuki waliouma askari kwenye vita hiyo. Msiwasahau nyuki, walipigana bila sare.

#23 Mshihiri_wa_Pangani

Ila kuna jambo zuri upande wa rangi. Bahari ilipofungwa na manowari za Uingereza, Wajerumani huku hawakupata vitambaa. Pamba ikasokotwa na kufumwa hapahapa nchini, misheni na majumbani. Rangi wakatafuta porini. Lettow-Vorbeck, kamanda wao, anataja kwenye kumbukumbu zake magome ya mti aliouandika ndaa, yalitoa kahawia yenye umanjano ambayo haikuonekana nyasini wala vichakani. Kwa hiyo sare ya kujificha ilipikwa kwa magome, wala haikuwa kijani.

Na ina mantiki kwa nchi yetu. Miezi mingi ya mwaka nyika ya Handeni na Mkinga si kijani, ni rangi ya majani makavu. Kijani cha OD kinafaa masika na milima ya Usambara. Tela la FundiTurubai kwa sasa limejificha vizuri kuliko lilivyokuwa jipya.

#24 Afisa_Mstaafu_wa_Ugavi

Wadau, neno la tahadhari kabla hamjafika mbali. Mabegi ya kijani tupu ni jambo moja, mavazi ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu inakataza raia kuvaa sare za majeshi au nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Fundi ukiletewa kitambaa cha mabaka ushone suruali, kirudishe.

#25 Bandarini_Boy

Mkuu na shati la kijani tupu lisilo na mabaka? Walinzi wa kampuni na askari wa wanyamapori si wanavaa?

#26 Afisa_Mstaafu_wa_Ugavi

Hao wana sare zilizoidhinishwa. Kwa raia, kinachotazamwa ni kufanana: mkato wa kombati, mifuko minne ya kifuani na chini, bega lenye kamba ya cheo. Rangi peke yake kwenye kifuniko cha tela haina neno.

#27 Mwana_wa_Makorora

Mama Batiki katuachia njiani. Turubai lililopauka linarudishwaje?

#28 Mama_Batiki_Ngamiani

Kwa rangi za vati, zilezile tunazotumia kwenye batiki. Vipimo vya kilo 1 ya kitambaa kikavu cha pamba:

Maji lita 20. Rangi gramu 30 kwa jumla: olivu 22, kahawia 6, nyeusi 2. Kostiki (kostiki soda) gramu 120. Haidro (unga wa sodiamu haidrosalfaiti, ndio unaoyeyusha rangi ya vati) gramu 120.

Usiku uliotangulia chemsha kitambaa kwa sabuni na magadi soda, kitoe wanga na uchafu wa kiwandani. Kitambaa kisichonyonya tone la maji papo hapo hakijawa tayari.

Yeyusha rangi kwanza kwenye lita 2 za maji ya nyuzi 60, pamoja na theluthi ya kostiki na theluthi ya haidro, dakika 15. Itabadilika rangi, usishtuke. Mimina kwenye maji yaliyobaki yenye dawa iliyobaki, yabaki nyuzi 60. Kostiki ndiyo inamwagwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Sufuria la alumini marufuku, kostiki inalila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia la chuma cha pua au ndoo ngumu ya plastiki. Glavu, miwani, na upikie nje.

Tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa, dakika 45, kisitokeze juu ya maji. Kila panapotokeza panashika hewa na kuwa doa. Utando ukitanda juu na maji yakirudia rangi ya unga wa dukani, haidro imekwisha, ongeza gramu 20. Wengi wanaharibu hapa: wanaona maji bado yana rangi, wanadhani dawa ipo.

Toa, suuza, anika kivulini nusu saa ipigwe na hewa. Halafu ichemshe kwenye sabuni dakika 15. Msiruke hatua hii. Kivuli cha mwisho cha rangi ya vati huja baada ya kuchemshwa, na rangi iliyokaa juu juu bila kuchemshwa itaambukiza mizigo.

Mkanda wa nailoni na uzi wa polyesta usivitie humo. Fumua kwanza.

#29 Mzee_wa_Mkonge

Dada, na kama turubai lina shaba nafthenati, hiyo rangi haishiki sawasawa. Yale mafuta yanakataa maji. Utapata ramani ya Afrika.

#30 FundiTurubai_TGA

Nimerudi na majibu. Amonia: uso wa juu uliopigwa jua, kitambaa cheupe kimetoka na uchafu tu. Nikafumua pindo moja, ndani bado ni kijani safi, na hapo kitambaa kimetoka buluu.

#31 Mzee_wa_Mkonge

Nilisema. Shaba. Tufunge uzi.

#32 Mama_Batiki_Ngamiani

Usifunge. Buluu inathibitisha shaba ipo, haithibitishi kwamba rangi haipo. Na pindo kubaki kijani kunathibitisha mwanga, kitu nilichosema tangu #4. Nyofoa nyuzi za pindoni, ziloweke siki ya moto mpaka kesho yake. Siki inavua shaba. Zikibaki kijani, kuna rangi chini yake.

#33 FundiTurubai_TGA

Zimetoka manjano yenye ukijani kwa mbali. Siki imekuwa buluu kidogo.

#34 Mama_Batiki_Ngamiani

Rangi ipo.

#35 Mzee_wa_Mkonge

Manjano ipo. Ukijani ulikuwa wa shaba. Hiyo manjano ni okra (udongo wa manjano), wanaipaka pamoja na nta ya kuzuia maji.

#36 Kemia_ya_Mtaani

Okra ni chembe ngumu iliyokaa juu ya uzi, haikuingia ndani. Sugua uzi kwenye karatasi nyeupe, ikiacha mstari ni okra na nta. Isipoacha, mama kashinda.

#37 Gereji_Chumbageni

Wakati mnapima, mteja anasubiri. Fundi badilisha uzi. Polyesta tupu kwenye turubai la pamba itakuumbua kila msimu, haipauki pamoja nalo. Shona kwa uzi wa pamba, ukilowa unavimba na kuziba tundu la sindano.

#38 Mzee_wa_Mkonge

Na ndani ya misimu miwili umeoza, mishono inaachia lori likiwa Segera.

#39 Stoo_Namba_Tatu

Mahema ya jeshi la Marekani waliunganisha: kiini cha polyesta, nje imezungushiwa pamba. Nguvu ya kiini, rangi na uvimbe wa pamba. Sindano namba 18 au 20, mishono 6 au 7 kwa inchi. Ukishona 10 unatoboa turubai kama stempu, linachanika kwenye mstari.

Mkanda nao, tumbukiza kipande majini kabla ya kununua. Ukielea ni polipropilini na si nailoni. Huo hautiwi rangi kabisa, chembe ya rangi iko ndani ya plastiki, haupauki haraka, lakini usipowekewa dawa ya jua unakuwa dhaifu na kukatika.

#40 FundiTurubai_TGA

Umezama. Nailoni kweli. Huo uzi wa kiini nitaupata wapi Tanga?

#41 Landrova_109

Waulize washona viatu na viti vya magari Ngamiani, wengine wanao ila hawaujui kwa jina hilo. Choma ncha: nje ikiungua kama karatasi na ndani ikiyeyuka kidonge cheusi, ndio wenyewe.